Darasa la Mwisho la Kilatini

Baba yangu alikuwa akiimba Kilatini akinyoa ndevu. Alisimama mlangoni pa chumba chetu pale mtaa wa Huruma, kioo kidogo kikining'inia kwenye msumari, povu la sabuni mashavuni, na sauti yake nzito ilipita ukuta wa mbao ikaingia kwa majirani. Nao walikuwa wametoka magharibi na pande za ziwa kama sisi, wamekuja Eldoret kutafuta kazi viwandani, na walikwisha mzoea. Mama muuza mboga wa chumba cha pili alikuwa akisema, "Baba yenu ameanza misa," kisha anaendelea kukata sukuma wiki yake.

Nyimbo hizo alijifunza akiwa kijana, misheni kwao karibu na ziwa, zamani misa ilipokuwa bado inasomwa kwa Kilatini. Baadaye lugha ya misa ikabadilishwa. Zikaja nyimbo za Kiswahili na za Kijaluo, ngoma zikaingia kanisani, na kila mtu akafurahi, hata baba. Lakini asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda cha nguo hakijalia kuwaita watu wa zamu, alirudia zile za zamani. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwuliza maana yake.

"Maana yake Mungu anajua," alinijibu.

Niliridhika. Nilidhani ni lugha iliyoumbwa bila maana, ya kuimbwa tu.

Kwa hiyo nilipoingia kidato cha kwanza katika shule ya wasichana iliyokuwa ng'ambo ya mto, nikaona kwenye ratiba ukutani somo linaloitwa Kilatini, nilisimama pale mpaka kiranja akanifukuza. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini. Shule yetu ilianzishwa na masista, na ilikuwa mojawapo ya zile chache zilizokuwa bado zinalifundisha somo hilo. Wengi walikwisha liacha. Aliyelifundisha kwetu hakuwa sista bali mwanamume mwembamba kutoka magharibi, mwenye sweta ya kijani ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Alikuwa amekaa seminari miaka mingi, akatoka kabla ya kupewa upadri. Wasichana walikuwa na hadithi zao kuhusu kwa nini alitoka, na kila hadithi ilikuwa na mwanamke ndani yake. Yeye hakuwahi kutuambia.

Siku ya kwanza hakutusalimu kwa Kiingereza kama walimu wengine. Alichukua chaki akaandika ubaoni: amo, amas, amat. Chini yake akaandika: napenda, unapenda, anapenda. Pembeni akaandika maneno ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo.

"Mwingereza anahitaji maneno mangapi kusema anapenda?" aliuliza.

"Mawili, mwalimu."

"Mrumi?"

"Moja."

"Na wewe?"

Tulitazamana. "Moja," mtu akasema kwa sauti ndogo, kama anaogopa kukosea.

"Neno moja. Ndani yake mna mtu, mna wakati, mna kitendo. Basi leo mmeanza Kilatini mkiwa mmemtangulia Mwingereza."

Sijui kama wenzangu wanaikumbuka siku hiyo. Mimi naikumbuka kwa sababu shuleni kwetu kulikuwa na kipande cha mbao alichovishwa shingoni mtu akisikika akiongea Kiswahili au lugha ya kwao siku za Kiingereza. Nilikuwa nimekivaa tangu asubuhi. Na hapa alikuwa mwalimu, mbele ya darasa zima, ameweka Kiswahili ubaoni kando ya lugha ya Warumi, na vyote viwili vinafanana.

Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja alikuwa binti wa karani wa reli, mcheshi, hakuogopa mtu. Siku moja alisimama akasema, "Mwalimu, kitabu yangu imepotea."

"Iseme kwa Kilatini," mwalimu akamwambia.

Akafikiri. "Liber mea..."

"Liber meus. Ukisema liber mea Mrumi atakucheka. Mbona ukisema kitabu yangu hapa hakuna anayecheka?"

"Kwa sababu hapa Eldoret sisi wote tunasema hivyo, mwalimu."

Darasa liliangua kicheko, naye akacheka pamoja nasi. Kisha akageukia ubao. "Kitabu changu kimepotea. Sikilizeni. Ki, cha, ki. Neno la kwanza linaita na mengine yanaitika. Warumi walifanya hivyo hivyo mwishoni mwa neno. Nyinyi mnafanya mwanzoni. Ninyi mna kitu kile kile, halafu mnakitupa njiani."

Tangu siku hiyo nilianza kusikia. Nilikuwa nasikiliza watu wa sokoni, kondakta, mama, mahubiri ya Jumapili, nikitafuta maneno yanayoitana na yale yasiyoitana. Sikumsahihisha mtu. Nilifurahia kusikia tu. Katika kitabu cha Kilatini nilikuwa nikitafuta mwisho wa neno ili nijue nani amemfanya nini nani, kwa maana neno lingeweza kukaa popote katika sentensi, na ukikimbia unapotea. Lazima urudi. Lazima ukae na neno moja mpaka likuambie linamfuata nani.

Nyumbani hapakuwa na aliyeuona umuhimu wa jambo hili. Mama alitaka nijifunze kupiga taipu. "Hiyo Kilatini itakusaidia na nini?" alikuwa akiniuliza. "Warumi wataandika wewe kazi?"

Nililipeleka swali hilo kwa mwalimu kama lilivyo. Alikuwa akifuta ubao. Akaendelea kufuta hadi mwisho, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Sijui kitakusaidia nini," alisema. "Mwambie mama sijui. Mimi kimenisaidia kujua kwamba watu waliokufa zamani sana waligombania mashamba, wakawakumbuka watoto wao wakiwa safarini, wakawaogopa wakubwa wao, kama sisi. Na kimenifundisha kusoma polepole. Mtu anayesoma polepole si rahisi kumdanganya."

Sikumpelekea mama jibu hilo. Niliona hatalikubali. Nililiweka.

Nilikuwa kidato cha pili nilipojua vya kutosha kumrudia baba na swali langu la utotoni. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula, ametandika mkeka nje ukutani mahali palipopigwa na jua, maana Eldoret jua la mchana ndilo linaloondoa baridi ya asubuhi. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, wimbo wa mwisho wa ile misa yake ya zamani, unaoishia na dona nobis pacem.

"Baba," nikasema, "najua maana yake."

Akaacha kuimba.

"Dona ni kutoa. Mnasema, tupe. Pacem ni amani. Mnaomba amani."

"Amani?"

"Ndiyo, baba."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Alitazama miguu yake. Niliona uso wake umepungukiwa na kitu, nikaogopa kwamba nimemharibia. "Mimi nilikuwa nafikiria ni mambo ya juu sana," akasema. "Mambo yenye mtu kama mimi hawezi kuelewa. Kumbe ni amani." Halafu akasema tena, polepole, "Kumbe nimeomba amani miaka hii yote. Hata wakati wa kelele ya mashine. Hata siku ile wanajeshi walijaribu kupindua serikali, redio ikilia, nilikuwa naimba hiyo." Akanigeukia. "Nyara," aliniita, binti yangu kwa lugha ya kwetu, "ile ingine ya mwanzo inasema aje?"

Tukaanza pale. Kila Jumapili alinipa wimbo, nami nikaenda nao shuleni kichwani, nikaurudisha na maana yake. Baba alisoma hadi darasa la nne tu. Lakini sikio lake lilikuwa limehifadhi kila silabi, na mara nyingine ndiye aliyenikumbusha mwisho sahihi wa neno niliousahau. Mama alikuwa akitupita na ndoo ya maji akitikisa kichwa. Hatukuwahi kuwa na mazungumzo marefu, mimi na baba, kabla ya hapo. Alikuwa mtu wa zamu, anayerudi na pamba kwenye nywele, anayekula na kulala. Kilatini ndicho kilichotupa cha kuzungumza, na hadi leo nikitamani kumsikia, ni yale mazungumzo ya mkekani ninayoyatamani.

Tulipokuwa kidato cha tatu, mwalimu mkuu, aliyekuwa sista mzee mwenye kiharusi kidogo cha mkono, alitangaza kwamba mfumo wa elimu unabadilika. Shule zitafundisha kilimo, useremala, sayansi kimu, mambo ya mikono. Taifa linahitaji watu wanaojua kutengeneza vitu. Sikuona ubaya katika hayo na siuoni hadi leo. Baba alipigiwa makofi nyumbani akitengeneza kiti. Lakini sista akaongeza kwamba hakutakuwa na darasa jipya la Kilatini, na kwamba chumba chetu kitawekwa majiko. Sisi tulioanza tungeruhusiwa kumaliza.

Tulikuwa wachache tayari, na mwaka uliofuata tukabaki madawati machache ya mbele. Majiko yaliletwa kabla hatujaondoka. Tulisoma hotuba za Warumi katikati ya sufuria mpya ambazo bado zilikuwa na karatasi za dukani.

Ndipo rafiki yangu wa dawati akamwomba mwalimu atufundishe na Kigiriki. Naamini aliomba kwa uchokozi tu. Mwalimu aliweka chaki mezani.

"Hakimo katika mtihani," alisema.

"Najua, mwalimu."

"Hakitakuwamo kamwe."

"Najua."

"Basi njooni Jumamosi asubuhi."

Sijui furaha nyingine ya shule niliyoipata iliyozidi Jumamosi zile. Wasichana wa bweni walikuwa wakifua nje, tunasikia maji na vicheko, na sisi ndani tunachora herufi ambazo mikono yetu haikuzijua. Alituonyesha kwamba tulikuwa na Kigiriki mdomoni bila kujua. Askofu, alisema, lilitoka huko, likapita kwa Waarabu likatufikia: maana yake mwangalizi, mtu anayetazama kundi. Injili pia ilisafiri njia hiyo: habari njema. Nilipomweleza baba hayo ya askofu alicheka mpaka akakohoa. "Basi mimi ni askofu wa mashine," akasema, kwa kuwa kazi yake kiwandani ilikuwa kutazama nyuzi zisikatike.

Ilikuwa miaka ya hofu. Ilisemekana kwamba kuna karatasi za siri za kuipinga serikali zinatupwa barabarani usiku, na mtu akikutwa nayo haonekani tena kwa muda mrefu. Watu waliacha kuokota karatasi yoyote, hata tupu. Tulijifunza kuwa na maneno ya hadharani na maneno ya nyumbani. Sisi wasichana hatukuhusisha hayo na darasa letu.

Jumamosi moja ukumbi wa shule ulikuwa unaandaliwa kwa mkutano wa chama, chama kikiwa kimoja tu nchini. Mwanamume mnene mwenye koti na beji ya Rais kifuani, aliyekuja kukagua viti, alipita kwenye dirisha letu. Akarudi. Akaingia bila kubisha. Tulisimama.

"Habari ya kazi, mwalimu."

"Nzuri, mzee. Karibu."

Alikuwa anatazama ubao. "Hii ni maandishi ya wapi?"

"Ni Kigiriki, mzee. Lugha ya Agano Jipya."

"Ya kanisa?"

"Ya kanisa."

Akaonekana kutulia. Akanyoosha kidole. "Hiyo ya juu inasema nini?"

"Injili. Habari njema."

"Na hiyo ya chini?"

Rafiki yangu aliyekuwa kando yangu alishika sketi yangu. Lile neno la chini lilikuwa mojawapo ya yale tuliyojua tayari, tulikuwa tumeligawa vipande viwili kwa mstari wa chaki.

"Demokrasia," mwalimu akasema. "Utawala wa wananchi."

"Wananchi gani?"

"Wa mji mmoja wa Wagiriki, mzee. Kabla ya Kristo."

"Walikuwa wanapiga kura?"

"Walikuwa wanapiga."

"Aje?"

"Waliinua mikono."

Yule mtu alifikiri. Hizo ndizo siku tulizoanza kuambiwa kwamba kura itapigwa kwa kupanga mlolongo nyuma ya mgombea. "Kwa hivyo kila mtu alikuwa anaonekana," akasema.

"Walionekana wote, mzee."

"Hiyo ni vizuri." Akatikisa kichwa kukubali, akageuka kuondoka, kisha akasimama mlangoni. "Lakini futa."

"Mzee?"

"Futa hiyo ya chini. Hiyo ya habari njema inaweza kukaa."

Mwalimu alichukua kifutio akafuta. Alilifuta vizuri, mpaka hapakubaki hata alama ya mstari. Yule mtu alingoja mpaka akamaliza, akatuambia, "Someni kwa bidii, wasichana," akaenda zake kuhesabu viti.

Hatukucheka. Baadaye, tulipokuwa watu wazima, rafiki yangu alikuwa akiisimulia habari hiyo kwa kuigiza sauti zote mbili na watu wakashika mbavu. Lakini siku hiyo tulimtazama mwalimu amesimama na kifutio mkononi, mgongo kwetu. Kisha akageuka, akaendelea na herufi iliyofuata.

Jumamosi iliyofuata tulikuta chumba kimefungwa. Sista aliniambia kwa upole kwamba ni afadhali tupumzike, mtihani umekaribia. Muhula haujaisha tukasikia kwamba mwalimu amehamishwa kwenda shule ya huko mpakani, kufundisha dini na kilimo. Hakuna aliyesema kwamba ni kwa sababu ya ubao. Huenda haikuwa. Walimu walikuwa wakihamishwa kila mara.

Alikuja kutuaga katika kipindi cha mwisho cha Kilatini. Nilikuwa nimejiandaa kusikia maneno makubwa. Alitupa sentensi ndefu ya kutafsiri, akapita kati ya madawati akitazama tulivyoandika, akamgusia rafiki yangu kosa. Kengele ilipolia alisema tu, "Mtihani ukifika, msikimbie." Nje alikuwa amefunga godoro na sanduku kwenye pikapu ya jirani yake wa mtaa wa Kapsoya. Tulilisindikiza gari hilo hadi langoni.

Tulifanya mtihani, tukapita. Rafiki yangu alikwenda kuwa karani kama baba yake. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, na nilipotakiwa kuchagua somo, nilichagua Kiswahili. Wenzangu wa chuoni walishangaa, mtu wa ziwa aliyekulia Eldoret, na ngeli zake zimenyooka kuliko za wengi. Walidhani nimekaa pwani. Pwani sikuwa nimeiona. Nilipangiwa shule upande wa Kesses, wakati ule kampasi ya chuo kikuu inajengwa na malori ya mawe hayakomi barabarani. Baba alikuwa amekwisha achishwa kazi kiwandani, amerudi ziwani. Huko hakuwa na mtu wa kumwuliza maana ya nyimbo, na mimi sikuwa na mtu wa kumpelekea.

Likizo moja ya Aprili nilipanda basi kwenda mpakani. Nilimkuta mwalimu shambani, anapalilia mahindi. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Unafundisha nini?" aliniuliza tulipokwisha kaa na mkewe ametuletea chai.

Niliona haya kidogo. "Kiswahili, mwalimu."

Akaweka kikombe chini. Nilidhani amevunjika moyo.

"Ngeli?"

"Ngeli ndizo nyingi."

"Wanakwambiaje watoto wa Eldoret?"

"Kitabu yangu imepotea."

Akacheka kama nilivyokuwa nikimkumbuka, mabega yote yakitikisika, mpaka mkewe akatoka jikoni kuja kuona. Kisha akanitaka nisome herufi za Kigiriki. Nilianza vizuri. Katikati nilikwama, naye akaendeleza hadi mwisho, haraka, kama mtu anayetaja watoto wake.

"Mlifikia wapi nilipowaacha?" aliuliza.

"Kwenye vitenzi. Tulikuwa tumeanza tu."

"Vitenzi ndipo penyewe pazuri. Njoo Desemba, shule zikifungwa. Ukae wiki mbili hapa na mama. Nitakumalizia."

Nilisema nitakuja. Nilikusudia kwa dhati. Mvua za Agosti zilikuwa bado zinanyesha niliposikia jina lake katika matangazo ya vifo redioni, katikati ya majina mengine, na habari kwamba alikuwa mwalimu wa kilimo. Nilikuwa na karatasi za mtihani wa wanafunzi mezani. Nilizima redio, nikaketi.

Sasa nasoma Kilatini bado, polepole, nikiwa na kamusi iliyopasuka mgongo. Kigiriki nakijua herufi tu. Nikiona mstari wa Kigiriki mahali popote ninaweza kuusoma kwa sauti, kila herufi mahali pake, na sijui unasema nini. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunikuta ofisini nikifanya hivyo. Akaniuliza ni lugha gani.

"Ni Kigiriki."

"Mwalimu, utatufundisha?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sikufika huko. Alingoja, akifikiri labda nina neno la kuongeza, kisha akachukua madaftari ya wenzake akaenda darasani.